Barua ya wazi kwa wabunge wa jimbo waliochaguliwa Kasongo na Kabambare

Kwa Waheshimiwa Wabunge,
Bunge la Jimbo la Maniema, Kindu

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kasongo, na ninaandika hadharani kwa sababu kiti mnachokalia huko Kindu ni chetu. Tuliwakalisha tarehe 20 Desemba 2023, kwa muda wa miaka 5. Siandiki kuomba kitu. Mabati, vitenge, chumvi na jezi za timu za vijana tumeshapokea kwa wagombea wengi, tukashukuru, vikaisha. Naandika kuulizia kazi.

Huku kwetu mtu akiuliza mbunge fulani amefanya nini, anayejibu huanza kutaja zawadi: alimalizia paa la shule, alilipia mgonjwa matibabu, alituma gari kwenye matanga. Ni mambo mema, na hata mfanyabiashara mkarimu anaweza kuyafanya. Sijasikia mtu akijibu kwamba mbunge huyu alimwuliza waziri wa jimbo swali hili, akapewa jibu hili, hakuridhika, akadai tume ya uchunguzi. Na silaha zenu ndizo hizo. Sheria ya tarehe 31 Julai 2008 juu ya uendeshaji wa majimbo imewapa haki ya kuuliza maswali kwa mdomo na kwa maandishi, kumwita waziri ajieleze mbele yenu, kuunda tume na kutunga edi, yaani sheria za jimbo. Bajeti ya jimbo haipiti bila kura zenu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mfuko wa mbunge.

Niwape mfano mmoja, nao ni Salamabila, kando ya mgodi wa Namoya.

Dhahabu ya Namoya, teritwari ya Kabambare, Wabelgiji waliichimba kabla ya uhuru. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ikaja kuifufua, na mwaka 2016 ikatangaza kuwa mgodi umeanza kuzalisha kibiashara. Mwaka 2019 kazi ikasimama kwa sababu ya usalama, na baadaye mgodi ukapita mikononi mwa wengine. Katikati ya hayo wafanyakazi walitekwa, magari yalishambuliwa, na wananchi walikimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja. Vijana wa kundi lenye silaha la Mai-Mai Malaika walijitangaza kuwa wanadai haki za wenyeji ambazo kampuni haikuzitimiza. Mimi siwatetei, aliyebeba bunduki aliwala jirani zake kabla ya kumfikia tajiri. Lakini dai lilikuwepo kabla ya bunduki, na lilipaswa kupelekwa Kindu na mtu aliyechaguliwa, kwa sauti ya kawaida, kwenye kipaza sauti cha Bunge.

Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema wazi. Kampuni inayochimba dhahabu inalipa mrabaha wa asilimia 3.5. Katika fedha hiyo, asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 inakuja jimboni, 15 inakwenda moja kwa moja kwa sekta, usultani au komini ambako mgodi uko, na 10 inawekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mbali na huo mrabaha kuna asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni, ambayo ni ya maendeleo ya jamii inayoishi kando ya mgodi. Kwa hiyo swali ni la hesabu tu: tangu mwaka 2018, Namoya imelipa kiasi gani, kwa mwaka upi, kwenye akaunti ipi, na fedha hiyo imejenga nini? Kama haikulipa, nani aliidai? Mwananchi wa Salamabila haijui namba hiyo. Mimi wa Kasongo siijui. Ningependa kuamini kwamba ninyi mnaijua.

Na hapa ndipo uzito wa kiti chenu ulipo. Ile asilimia 15 inafika kwenye sekta, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataka kila sekta iwe na baraza lililochaguliwa, ili mkuu wa sekta asishike fedha peke yake. Baraza hilo liko wapi? Desemba 2023 madiwani walichaguliwa katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Kindu ilipiga kura hiyo; Kasongo na Kabambare hatukupiga. Fedha imegatuliwa hadi kijijini, jicho la kuitazama limebaki Kindu. Kati ya mkuu wa sekta na mpiga kura hakuna mchaguliwa mwingine ila ninyi. Mkinyamaza hapo, hakuna wa kusema kwa niaba yetu.

Nayajua majibu ya siku zote. Jimbo halina fedha. Asilimia 40 ambayo Katiba, kifungu cha 175, inataka ibaki jimboni haikuwahi kubaki kama ilivyoandikwa, na Kinshasa inatuma kidogo kidogo inapopenda. Ni kweli. Lakini kuuliza hakuhitaji fedha. Tena jimbo ambalo halijui limekusanya nini kwake lenyewe litaidai Kinshasa kwa uso gani?

Njooni barabarani sasa. Mpunga wa Kasongo na mawese yetu vinatoka kwa baiskeli na pikipiki, kwa sababu lori likiingia wakati wa mvua halijui litatoka lini. Tazameni msukuma baiskeli anapofika kwenye daraja la miti. Anashusha gunia la kwanza, anavuka nalo kichwani huku akipima kila gogo kwa mguu. Anarudi kuchukua la pili. Anarudi tena kuchukua baiskeli, ameishika kwa ile fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Ng'ambo anakuta kamba imetandazwa: vijana waliotengeneza daraja wanataka chochote, na hao siwalaumu sana, angalau wao wameshika shoka. Mbele kidogo kuna kamba nyingine, na hii mwenye nayo ana kalamu na sare. Stakabadhi hakuna, au ipo ya rangi ambayo haifanani na ya jana.

Mtaniambia barabara kubwa ni za taifa, ziko chini ya Office des Routes, na mbunge wa jimbo hana katapila. Sawa. Ila kamba hizo, yaani barieri za ushuru, ni zenu. Tarehe 13 Machi 2018 ilitoka sheria inayoorodhesha ushuru na kodi ambazo jimbo na sekta zina haki ya kutoza. Kilichomo kwenye orodha kitozwe, na stakabadhi itolewe; kisichomo ni wizi, hata kikitozwa na mtu mwenye kofia ya serikali. Kazi ya kupita njia ya Kasongo hadi Kabambare na karatasi hiyo mkononi, kuhesabu kamba moja moja na kusoma majina yake Bungeni, haihitaji mhandisi. Barabara za mashamba nazo zimo katika mamlaka ya jimbo. Hapo hakuna pa kujificha.

Na njia hiyo ya Kasongo hadi Kabambare si ngeni. Misafara ya kutoka Ujiji ilipita Kabambare, ikaja Kasongo, ikaendelea hadi Nyangwe kwenye Lualaba. Ilibeba pembe na watu waliofungwa minyororo, kwa hiyo simsifu Tippu Tip, mwenye misafara hiyo, wala enzi yake. Nasema tu kwamba mtu akituambia Kabambare ni mbali, tunashangaa. Mbali na wapi?

Juu ya afya nitasema machache. Miaka ya 1970 madaktari wa taasisi ya tiba za nchi za joto ya Antwerp walifanya kazi hapa Kasongo, na mpangilio waliouonyesha, wa vituo vidogo karibu na watu na hospitali moja ya kuvisaidia, ulichangia kuzaa zoni za afya tulizo nazo nchi nzima. Wanafunzi wa afya ya jamii Ulaya wanasoma jina la mji wetu vitabuni. Sihitaji kuwaeleza vituo hivyo leo vikoje. Mkiugua mnakwenda kwingine.

Liko jambo ambalo watu wanalinong'ona, nami nilitamke. Ninyi ndio mnaomchagua gavana, na ndio mnaowachagua maseneta. Kura ya mtu mmoja wenu siku hiyo ina thamani, na wako wanaoipangia bei. Machi 2019 tuhuma za rushwa katika uchaguzi wa maseneta zilivuma nchi nzima, hadi Rais akasimamisha kuapishwa kwao kwa muda. Simtuhumu mtu yeyote kati yenu. Nauliza tu: mbunge atamhoji vipi gavana kama kazi kubwa ya kiti chake aliiona imekwisha siku alipompigia kura? Na anayegeuka waziri wa jimbo, akamwachia kiti msaidizi wake, nani wa nyumbani kwake atamwuliza maswali magumu?

Msitwambie pia tungoje wakubwa. Maniema imewahi kutoa Waziri Mkuu, Matata Ponyo, kuanzia 2012 hadi 2016, na Spika wa Seneti, Thambwe Mwamba, kuanzia 2019 hadi 2021. Walipanda juu kabisa, na msukuma baiskeli bado anavuka na gunia kichwani. Cheo cha Kinshasa hakijafika darajani. Mwenye kura juu ya bajeti ya Kindu yuko karibu zaidi.

Basi, Waheshimiwa, ombi langu ni hili. Kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Kabla hamjaipigia kura, mwulizeni waziri wa jimbo wa madini na mwenzake wa fedha, kwa maandishi: mrabaha wa Namoya mwaka kwa mwaka, sehemu ya jimbo, sehemu ya sekta, na ile 0.3. Waulizeni pia orodha ya barieri halali kutoka Kindu hadi Kabambare. Wakati wa likizo ya Bunge, mkija kutuona, acheni spika za muziki mje na majibu hayo, muyasome redioni na muyabandike kwenye ukuta wa ofisi ya teritwari, Kasongo na Kabambare. Kama hawakuwajibu, njooni mseme hawakujibu, na mtutajie tarehe mliyouliza. Mwaka 2028 tutakapoitwa tena kwenye foleni ya kura, tutakuwa na kitu cha kuwapimia.

Wasalaam,

Mpiga kura wenu, Kasongo