Hadithi Haikai Usoni mwa Kikaragosi

Wapo wasomi wetu wanaodai kwamba sinema zinazotengenezwa ndani ya michezo ya kompyuta si hadithi hata kidogo. Sababu yao ni moja: vikaragosi vyake vina nyuso za ubao. Havilii, havikunji uso, na midomo haifuatani na maneno. Naikataa hoja hiyo.

Kwa msomaji asiyezijua sinema hizi, mtengenezaji hana studio wala waigizaji. Anaingia katika mchezo uliokwisha kuundwa na kampuni, wenye miji yake, mavazi yake na watu wake, kisha anawaendesha watu hao huku kompyuta ikinasa picha. Wenyewe huziita mashinima.

Mwaka 2003 vijana fulani wa Texas, Marekani, walianza mfululizo wa Red vs. Blue ndani ya mchezo wa Halo. Askari wake wamefunikwa helmeti, hata jicho hulioni. Anayesema hutikisa kichwa, basi! Mfululizo huo ulifika mwaka 2024. Watazamaji walimjua kila askari kwa sauti yake na kwa ubishi wake. Je, bibi zetu walifanya nini tofauti? Moto umefifia, uso wa bibi huuoni, lakini sungura unamjua na fisi unamjua.

Shida ya kweli iko kwingine, na wasomi wetu hawaigusi. Dunia hiyo imejengwa na mtu mwingine, kwa kazi nyingine. Tarehe 27 Oktoba 2005, huko Clichy-sous-Bois karibu na Paris, vijana wawili, Zyed Benna na Bouna Traoré, waliuawa na umeme walipojificha katika kituo cha umeme wakiwakimbia polisi. Machafuko yakaenea Ufaransa. Mwezi uliofuata, Alex Chan, Mfaransa ambaye hakuwa mtu wa sinema, alitoa The French Democracy, sinema ya dakika 13 hivi, akitumia mchezo uitwao The Movies. Mchezo haukuwa na Paris. Mandhari yakafanana na New York, na kituo cha umeme kikawa kibanda tu. Lakini Chan alikuwa na neno la kusema: kwa nini vijana wale walikuwa na hasira. Kibanda kikatosha.

Waigizaji wawili wa Uingereza, Sam Crane na Mark Oosterveen, walikosa kazi wakati wa korona, wakaamua mwaka 2021 kuigiza Hamlet ndani ya Grand Theft Auto Online. Wageni walikuwa wakiwapiga risasi katikati ya maneno ya Shakespeare, kwa kuwa dunia ile iliundwa kwa ajili ya kupiga risasi, si kusikiliza. Hawakuuficha usumbufu huo. Waliuingiza katika sinema yao, Grand Theft Hamlet, iliyotoka mwaka 2024.

Hapo ndipo ninapogombana na vijana pia. Wengi wao wakikosa kikaragosi awezaye kumfunga mtoto kitambaa kichwani, wanamfuta mtoto na kuweka bunduki, kwa sababu bunduki ipo tayari. Baada ya dakika tano hakuna hadithi tena. Mchezo ndio unaosimulia, na kijana amegeuka kikaragosi chake. Halafu anasema mashine yake ni ya zamani!

Majuzi chuo kimoja cha ualimu kiliniomba ushauri kuhusu kuwafundisha walimu wanafunzi kazi hii. Nilijibu kwamba kila mmoja asimame kwanza mbele ya watoto wa darasa la tatu, mikono mitupu, asimulie hadithi yake kwa dakika tano. Ambaye watoto watauliza, “Halafu ikawaje?” huyo apewe kompyuta, hata iliyochakaa. Wenzangu wawili katika kikao waliuita ushauri huo ushamba, wakataka zinunuliwe kwanza mashine zenye nyuso nzuri zaidi. Bado tunabishana.