Kelele hizi hazikumuua mtu Kamenge

NILIITWA mbele ya kamati ya wazazi mwezi uliopita. Sikuwa nimekula ada ya mtu, wala sikuwa nimemchapa mtoto hadi akavimba. Kosa langu lilikuwa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu la kichwa, aliyoivaa mwanafunzi wangu mmoja siku ya Jumamosi, pamoja na kadi ya simu iliyojaa nyimbo ambayo nilimwazima mimi mwenyewe.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama akasema: "Mwalimu, tulikupa watoto uwafundishe Kiswahili. Mbona unawapeleka kwa shetani?" Watu wakaguna kumuunga mkono. Nilipopewa nafasi ya kujibu nilijibu kwa hasira, na anayejibu kwa hasira huwa hajajibu. Ndugu msomaji, naomba leo nijibu tena, taratibu.

Kwanza nikiri. Nina umri wa miaka 45, nina watoto watatu, Jumapili naenda misa, na napenda muziki wa hevi metali kama wenzangu wanavyoipenda Vital'O. Kwa asiyeujua, huu ni muziki wa roki uliokazwa mpaka mwisho. Gita la umeme hupitishwa kwenye mashine hadi sauti yake ikwaruze kama msumeno kwenye bati, dramu hupigwa kwa mikono miwili na miguu miwili, na mwimbaji mara nyingi haimbi bali ananguruma. Mke wangu anasema ni kama gereji iliyovamiwa na nyuki. Sijawahi kumpinga.

Sikuupata Ulaya. Niliupata kambini.

Jeshi lilipoingia Kamenge mwaka 1995 na mtaa ukabaki mtupu, nilikuwa na miaka 14. Kaka yangu mkubwa alikuwa ametoka kwenda kutafuta chumvi. Hakurudi, na mpaka leo hatujui alilala wapi. Sisi wengine tulivuka mpaka hadi Uvira. Mwaka uliofuata vita vikatukuta huko huko, tukavuka ziwa hadi Kigoma, na mwishowe tukafikishwa kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu. Huko ndiko nilikosomea, chini ya turubai, nikikalia tofali.

Nguo zetu zilikuwa mitumba. Siku moja nikagawiwa fulana nyeusi yenye maandishi ambayo sikuyaelewa, nikaivaa kwa sababu haikuwa na tundu. Dereva mmoja wa malori ya chakula, kijana wa Tanga, akaniita: "Dogo, unajua umevaa nini?" Nikasema sijui. Akacheka, akaingia ndani ya lori, akatoka na kanda. Lilikuwa jina lile lile lililokuwa kifuani mwangu: Metallica.

Redio kaseti tuliyoitumia ilikuwa ya jirani, na betri tulizianika juani ili zipate nguvu kidogo za kumalizia upande mmoja. Katika kanda ile kulikuwa na wimbo wao wa mwaka 1988 uitwao "One". Unaanza polepole, karibu kwa huzuni, kisha katikati dramu zinaanza kufyatuka kwa mafungu kama bunduki ya rashasha. Mara ya kwanza kuzisikia nilikimbia nje. Sitanii, nilikimbia, na jirani akanicheka wiki nzima.

Lakini jioni nilirudi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilirudi, na jibu nililolipata ukubwani ni hili: safari hii kitufe cha kuzima kilikuwa kidoleni mwangu. Mlio ule ambao Kamenge ulikuja wakati wowote uliotaka, sasa ulikuja nilipotaka mimi, ukanyamaza niliposema unyamaze. Kwa mtoto wa miaka 15 aliyekuwa akiamka usiku akipiga kelele, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mgao wa mahindi.

Maneno yake nilikuja kuyaelewa baadaye, Kiingereza changu kilipokomaa. Ni habari ya askari aliyelipuliwa vitani, akabaki hana mikono, hana miguu, haoni, hasikii, hawezi kusema, na akili yake ni nzima. Kisa chenyewe kinatokana na riwaya ya Mmarekani Dalton Trumbo, iliyotoka mwaka 1939. Nilipoelewa, nilimfikiria mama yangu. Yeye alikuwa na viungo vyote, lakini tangu siku ya chumvi hakulitaja tena jina la kaka. Nyumba yetu nzima ilikuwa askari yule.

Sasa turudi kwa shetani. Siwezi kumdanganya mzee wangu. Wapo wanamuziki wa aina hii wanaoimba upuuzi, wapo wanaojipaka rangi za maiti ili wauze, na nchini Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwapo genge la vijana wa metali lililochoma makanisa, na mmoja wao alimuua mwenzake. Walifungwa, na walistahili. Kwenye kadi yangu sijaweka nyimbo zao.

Lakini tukitaka kuhukumu muziki kwa damu, tuanze na nyumba yetu. Majirani zetu wa Rwanda walikuwa na mwanamuziki Simon Bikindi. Nyimbo zake zilikuwa tamu, zenye mahadhi ya asili, mtu angeweza kumbembelezea mtoto. Mwaka 1994 redio RTLM ilizipiga huku watu wakichinjwa. Desemba 2008 mahakama ya Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15, na tuseme kweli, hakutiwa hatiani kwa nyimbo bali kwa maneno ya uchochezi aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti. Hata hivyo, ni nani aliyezisikia wakati ule ambaye leo anaweza kusema muziki mtamu hauna madhara?

Na hapa kwetu, vijana waliokuja Kamenge kutuua, na vijana wa Kamenge waliokwenda mitaa mingine kuua, hakuna kati yao niliyemwona na fulana ya fuvu. Walikuwa wamevaa mashati ya kawaida, na nyimbo walizozipenda ndizo zilizokuwa zikipigwa harusini. Mtu akija kwangu na gita linalolia kama msumeno angalau najua amebeba nini.

Wapo pia wanaosema huu ni muziki wa wazungu, haumhusu Mrundi. Hawa nawaomba wakumbuke ngoma zetu. Mwaka 1982, katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza, wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani pamoja na Echo & the Bunnymen, bendi ya roki ya kiza kutoka Liverpool. Miaka ya nyuma yake, rekodi ya ngoma hizo hizo ilikuwa imechukuliwa na kuongezwa gita na piano, na kutoka hapo bendi kama Adam and the Ants zikajijengea mdundo uliowapa utajiri. Mzungu alipotaka roki yake itishe zaidi, alikuja kuazima kwetu. Leo mtoto wa Kamenge akitaka kuazima kidogo kwao, tunamwita kamati.

Majirani hawakutusubiri. Nairobi ilitoa Duma, vijana wawili ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni ngumu kuisikiliza, hata mimi huipumzisha katikati. Mwimbaji wake, anayejiita Lord Spikeheart, ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, yule mama wa Mau Mau aliyepewa cheo cha jemadari msituni. Albamu yake mwenyewe ya mwaka 2024 imebeba habari za ukoo huo. Kumbe mtu anaweza kunguruma na bado akajua bibi yake alipigania nini.

Nikiri pia kwamba muziki wenyewe ulianzishwa na watu wa aina yetu kuliko tunavyodhani. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa kibarua wa kiwanda cha mabati mjini Birmingham. Akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga gita kwa shoto, kwa hiyo vilikuwa vidole vya kubania nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize. Sauti ikawa nzito, na uzito huo ndio ulimwengu mzima unaouiga tangu albamu zao za mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mafundi wetu wa kuchomelea geti, wanaofanya kazi bila miwani wala glavu, wangemwelewa kijana huyu kabla hajafungua mdomo.

Kinachoniuma katika shauri hili si jina langu. Mwanafunzi mwenyewe ana miaka 17, na mwaka 2015, risasi zilipolia tena mjini hapa, alikuwa mtoto mdogo. Sitaeleza alichokiona, ni chake. Darasani alikuwa hasemi. Baada ya wiki tatu na kadi ile akaniletea daftari. Alikuwa ameutafsiri wimbo wa yule askari kwa Kiswahili, bila kutumwa, na pembeni ameandika maswali yangu ya sarufi na kujijibu. Chini akaongeza beti zake mwenyewe. Nimefundisha Kiswahili tangu niliporudi mwaka 2008, na insha kama ile nimezipata chache mno.

Watu wa Kamenge wa umri wangu wanakijua kituo cha vijana kilichofunguliwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, Centre Jeunes Kamenge. Katikati ya vita kilikusanya vijana wa Kihutu na wa Kitutsi wa mitaa ya kaskazini wakacheza mpira na kupiga muziki uwanja mmoja, na mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood. Sidhani kama mapadri wale walipenda kila wimbo uliopigwa pale. Waliwapa vijana mahali, basi.

Mimi sina uwanja. Nina saa mbili za Jumamosi, spika moja ndogo na vijana tisa. Wawili ni wasichana, na mmoja wao anataka kujifunza dramu. Amri ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma zetu za jadi, lakini dramu za roki haikuzitaja, kwa hiyo nimemwambia atafute ndoo.

Kamati itakaa tena Jumamosi ijayo. Nimeomba tusianze na hotuba. Kijana atasoma tafsiri yake kwanza, wimbo upigwe baadaye, dakika saba na nusu hivi, kisha mzee wangu aulize lolote alitakalo. Nimemwomba akae karibu na spika. Kitufe cha kuzima nitamkabidhi yeye.