Presha ya Macho: Tuokoe Nuru Iliyobaki

 

Hivi karibuni tulisafiri hadi Nyeri kuhudhuria nikaha ya jamaa zetu wa mtaa wa Majengo. Baridi ya Mlima Kenya hutushinda sisi watu wa pwani, na kila nyumba tuliyoingia tulikaribishwa kwa chai ya moto. Katika nyumba moja, mama mwenye nyumba, mjane aliyevuka miaka sitini, alitumiminia chai, nusu yake ikamwagika pembeni mwa kikombe. Wanawe walicheka wakasema mama amezeeka. Yeye hakucheka. Wageni walipotawanyika alituita kando.

"Sheikh, hospitali wamesema nina presha ya macho, wanataka kunipasua. Nimekataa. Jirani yangu alipasuliwa na bado haoni vizuri. Nikisubiri kwa imani, si nitalipwa?"

Swali hili si lake peke yake, ndiyo maana tumeona tulijibu hapa.

Ni kweli kwamba Mtume wetu (s.a.w.) amembashiria Pepo mwenye kupoteza macho yake mawili kisha akasubiri. Lakini subira ni kwa lililokwisha kutokea. Balaa ambalo bado linazuilika, tumeamrishwa kulitafutia dawa.

Na hili linazuilika. Ndani ya jicho Mola ameumba chemchemi ya maji safi, na akayawekea kichujio chembamba cha kutokea, pale mboni inapokutana na kioo cha mbele. Kichujio kikiziba, chemchemi haikomi. Maji hujaa, na presha huukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi hakuna maumivu yoyote. Uoni huanza kuliwa pembeni, polepole, na mgonjwa hudhani ni uzee. Mara chache mfereji huziba ghafla: jicho huwa jekundu, kichwa huuma sana na mtu hutapika. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile.

Hapa ndipo wengi huchanganya. Mtoto wa jicho akiondolewa, nuru iliyozibwa hurudi. Katika presha ya macho, mshipa uliokufa haufufuki kwa dawa wala kwa kisu. Upasuaji hauji kurudisha kilichokwenda. Unakuja kulinda kilichobaki. Huenda yule jirani hakuharibiwa na daktari, bali alifika amechelewa, na hakuna aliyemweleza atarajie nini.

Upasuaji wenyewe hufanywa mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu. Daktari hufungua kijilango kidogo katika weupe wa jicho, chini ya kope la juu, maji yapate njia mpya. Yakitoka hukusanyika chini ya ngozi laini ya jicho, kisha hunywewa na mishipa ya damu. Njia hii imetumika tangu miaka ya 1960. Adui yake ni kovu, kwani mwili hutaka kukiziba kijilango hicho, na ndiyo sababu ya dawa anazoongeza daktari na miadi mingi baada yake. Kikiziba tena, wapo wanaowekewa mrija mdogo sana. Na jicho lililopasuliwa likiuma, likiwa jekundu au likitoa usaha, hata baada ya miaka, lisingoje hadi kesho.

Si kila mgonjwa huanzia kwenye kisu. Wengi huanzishiwa matone ya kila siku, nayo yataka uaminifu kama sala, kwani presha hupanda mgonjwa anapoyaacha. Kule Moshi, chini ya mlima mwingine, Kilimanjaro, madaktari wa hospitali ya KCMC walilinganisha matone na miale ya leza inayoelekezwa kwenye kichujio. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, leza ilifaulu katika macho takribani 6 kati ya 10, na matone katika 3 kati ya 10. Mgonjwa amuulize daktari wake ni ipi inayomfaa.

Tulipomaliza kumweleza, mama yule alinyamaza kidogo, kisha akatoa lililokuwa moyoni: "Na sijida je? Wameniambia nisiiname." Tukatambua kwamba hofu ya kisu ilikuwa ndogo kuliko hofu ya kukosa sala.

Imepokewa kwamba Ibn Abbas (r.a.) alipoharibikiwa na macho aliambiwa asali amelala ili atibiwe, naye akachagua kuacha tiba. Lakini Imam an-Nawawi na wanavyuoni wengine wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba tabibu mwaminifu akisema jicho litatibika kwa kusali umelala, yajuzu kuacha kusimama. Basi sembuse kusali umekaa na kusujudu kwa ishara kwa wiki chache! Katika udhu, aoshe panapooshika na atayamamu kwa pasipoguswa na maji. Na matone ya macho hayafunguzi swaumu katika madhehebu yetu, basi asiyaache mchana wa Ramadhani.

Enyi wana, neno moja kwenu. Maradhi haya hutembea katika damu za jamaa, na sisi Waafrika hutupata mapema zaidi kuliko wengine. Mzazi au ndugu akiwa nayo, kila aliyefika miaka arubaini, na ikiwezekana kabla yake, akapimwe presha ya macho na mshipa wake utazamwe. Wala msinunue dawa za macho dukani bila ya kuandikiwa; zipo zinazopunguza wekundu huku zikipandisha presha.

Juzi binti yake alitupigia simu kwamba mama amekubali na amepewa siku. Binti mwenyewe naye amepimwa. Presha yake iko juu, na ameanza matone akiwa bado anaona vizuri. Tunamuomba Allah atuhifadhie masikio yetu na macho yetu maadamu tu hai. Amin.