Mzee Dwight Akishuka Stendi ya Sumbawanga

Tamthilia ya Marekani iitwayo Tulsa King, iliyoanza kurushwa Novemba 2022, imewapata watazamaji wengi miongoni mwa wanafunzi wangu. Sylvester Stallone anaigiza Dwight Manfredi, jambazi wa miaka 75 kutoka genge la New York. Ametumikia kifungo cha miaka 25 bila kumtaja mkubwa wake hata mmoja, na shukrani anayopewa ni kupelekwa Tulsa, Oklahoma, mji ambao hamjui mtu. Tunacheka anaposhangaa kukuta duka linalouza bangi hadharani. Tunacheka zaidi anapolifanya duka hilo mradi wake siku hiyo hiyo, kwa vitisho.

Kicheko sikipingi, Stallone anachekesha kweli. Ninachopinga ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba mzee aliyetoka gerezani huinuka kwa ushupavu wake mwenyewe. Dwight anainuka kwa sababu ana genge nyuma yake, fedha mfukoni na ngumi ambayo bado nzito. Mnyang'anye hayo matatu, kisha mshushe stendi ya Sumbawanga.

Masimulizi ya Ufipa yanasema jina la mji huu ni agizo kwa anayeingia: tupa uchawi wako. Nimelipenda agizo hilo siku zote, kwa kuwa halimfukuzi mgeni. Linamtaka aache alichokuja nacho. Lakini akishatupa, ashike nini?

Mchukulie mtu aliyefungwa mwaka 2000. Alipoingia gerezani, simu ya mkononi ilikuwa ya wachache wa mijini. Leo laini haisajiliwi bila namba ya NIDA na alama za vidole. Asiye na laini hana pesa ya simu, na katika mfumo wa mbolea ya ruzuku ulioanza 2022, mkulima huandikishwa na kupokea taarifa zake kwa simu. Kwa hiyo kitambulisho kimoja kinachokosekana kinamfungia mzee milango mitatu, naye ndiye kwanza ametoka kwenye mlango wa nne.

Kinaya chake ni kwamba huenda mtu huyu analima kuliko sisi sote. Gereza la Mollo, hapa Sumbawanga, ni gereza la kilimo. Mfungwa aliyeshika jembe huko misimu kumi anaujua udongo wa uwanda huu, anajua wakati wa kupanda mahindi na wakati wa kupalilia. Anatoka akiwa na ujuzi, bila shamba wala mbegu.

Watumishi wa halmashauri watanijibu kwamba mikopo ipo. Ipo, na sheria imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Tazameni hesabu hiyo vizuri. Mwanamume wa miaka 63, mzima wa viungo, hayumo. Hata umri wa ujana uvutwe namna gani, hautamfikia. Tumemsamehe kwa ibara ya 45 ya Katiba, au amemaliza kifungo chake chote, kisha kila dirisha linamwelekeza dirisha jingine.

Kuna atakayeuliza: na wale aliowadhulumu? Swali hilo ni la haki, na mahakama ililijibu kwa miaka aliyompa. Hakuna hakimu aliyeandika katika hukumu kwamba adhabu iendelee kwenye kaunta ya mtendaji wa kata.

Ninachopendekeza hakihitaji bunge. Maafisa wa usajili waingie gerezani miezi mitatu kabla ya mfungwa kutoka, ili atoke na namba yake. Ofisi ya ustawi wa jamii ipewe jina lake mapema na ijue anarudi kijiji gani, kwa nani. Halmashauri zenye ardhi ya akiba zimkodishe ekari mbili kwa msimu mmoja, alipe baada ya kuvuna. Mahindi ya Rukwa yana wanunuzi, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula akiwemo, na mizani yake haimuulizi mtu alilala wapi mwaka jana.