Gari Limeharibika Zaidi Baada ya Kutengenezwa: Nani Abebe Dhamana?



Ndugu wasomaji, hapa Bujumbura ukitaja Buyenzi, watu hukumbuka mambo mawili: Waislamu wanaozungumza Kiswahili, na mafundi wa magari. Mtaa wetu umejaa gereji na maduka ya spea, na vijana wetu wengi wamekua na spana mkononi. Ni riziki ya halali na kazi ya heshima. Lakini kazi hiyo hiyo inatuletea ugomvi usiokwisha. Utawakuta watu wawili wanaoswali safu moja hawasalimiani, kwa sababu ya gari lililoingia gereji na ugonjwa mmoja likatoka na mitatu.

Mwenye gari anasema: "Umeniharibia, nilipe." Fundi anajibu: "Gari lako ni bovu tangu zamani, mimi nimefanya nilichoambiwa." Wakichoka kubishana, mmoja hutoa neno la kufunga mlango: "Basi ndugu yangu, ni kadari ya Allah."

Rai yangu ni kwamba neno hili linatumiwa mahali sipo. Kadari tunaiamini, ni nguzo ya imani yetu, lakini haijapata kumfutia mtu deni. Dhamana ifuate kitendo: fundi abebe kilichotokana na mkono wake, na mwenye gari abebe kilichotokana na amri yake au uzembe wake.

WANAVYUONI WALISEMAJE?

Suala hili si geni katika Fiqhi. Zamani hakukuwa na magari, lakini walikuwepo washonaji, watia rangi nguo na masonara. Mtu wa namna hii mafaqihi walimwita "ajiir mushtarak", yaani mfanyakazi wa watu wote, tofauti na yule uliyemwajiri akufanyie kazi wewe peke yako. Imepokewa kwamba Sayyidna 'Ali (R.A.) aliwatoza mafundi mali za watu zilizoharibika mikononi mwao, kwa kuona kuwa bila ya hivyo mambo ya watu hayatatengenea. Imamu Malik naye aliwadhaminisha mafundi. Imamu Abu Hanifa aliona mali iliyo kwa fundi ni amana, lakini kilichoharibika kwa kitendo cha fundi alimtoza. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walikwenda mbele zaidi: fundi anadhamini, isipokuwa kwa janga lisiloepukika, mfano wa moto mkubwa.

Katika madh-hab yetu ya Shafi'i, kauli yenye nguvu ni kwamba fundi ni mwaminiwa, hadhamini mpaka avuke mipaka au azembee. Baadhi ya mafundi wakiisikia kauli hii huishika kama ngao. Lakini wasikilize alichopokea Rabi', mwanafunzi wa Imamu Shafi'i: kwamba Imamu alikuwa na rai hiyo lakini hakupenda kuidhihirisha, akichelea makadhi wabaya na mafundi wabaya. Aliyaona haya zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita!

Tena kauli yenyewe haikumsamehe mzembe. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyomo kwenye Sunan Abi Daud, amemdhaminisha mtu anayetibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba. Nami naona fundi anayefungua gia ya otomatiki ambayo hajapata kujifunza, kwa kuwa tu hataki mteja aende kwa jirani, njia yake ni hiyo hiyo.

MFANO WA GARI LILILOCHEMSHA

Tuchukue mfano unaojirudia. Gari la familia linavuja maji. Fundi anabadilisha pampu ya maji na mpira wa rejeta, analipwa, gari linaondoka. Siku ya tatu baba anawapeleka watoto shule. Mshale wa joto unapanda. Anaona, lakini muda umembana, anasema "nitafika tu." Gari linazimika njiani. Likifunguliwa, klipu ya mpira imelegea, maji yamekwisha, gasketi imeungua na silinda hedi imepinda. Hasara sasa ni mara nyingi ya kazi ya mwanzo. Nani alipe?

Tuanze na klipu. Hiyo ni kazi ya mkono wa fundi. Baada ya kufunga alitakiwa ajaze maji, atoe hewa, aiache injini iungurume mpaka ipate joto lake na feni izunguke, kisha ainame aangalie kama kuna tone. Akiacha hayo amezembea kwa kipimo cha mafundi wenzake, na si kwa maneno ya mteja. Kuifunga upya kazi hiyo na kulivuta gari ni juu yake, bila ya mjadala.

Silinda hedi inataka uchunguzi zaidi. Hedi za magari mengi ni za aluminiamu, na joto likizidi hupinda. Mshale ulipoingia kwenye nyekundu, mwenye gari alikuwa na nafasi ya kusimama na kuzima. Mwendo aliouongeza baada ya hapo ni wake. Kwa hiyo hasara ya hedi naona wagawane, na sehemu ya kila mmoja ikadiriwe na fundi wa tatu.

Lakini tusiharakishe kumlaumu dereva. Maji yakiisha kabisa, kipimo cha joto hubaki hewani, na mshale waweza kushuka hali injini inaungua. Ikiwa hakupata onyo lolote, kosa lake ni lipi? Hapo hasara yote inarudi kwa mwenye klipu. Na ikiwa mshale ulikuwa mbovu tangu mwanzo na fundi akaujua akanyamaza, basi kunyamaza kwake nako kunahesabiwa.

Spea nazo zina hukumu yake. Mteja akinunua mwenyewe pampu iliyotumika baada ya fundi kumkataza, fundi ataulizwa kuhusu kufunga tu, si kuhusu pampu. Lakini fundi akiinunua yeye, akaweka iliyotumika na kutoza bei ya mpya, huo si uzembe tena. Ni ghushi, na pesa ile ni haramu hata kama pampu itadumu miaka kumi.

Breki naziweka mbali na mengine yote. Mteja akisema "funga tu hivyo hivyo, sina pesa", na fundi anaona pedi zimekwisha, ruhusa ya mteja haitoshi. Gari lile litapita mbele ya madrasa watoto wakitoka, na wao hawakutoa ruhusa. Fundi akatae kazi, na amwambie mwenye gari mbele ya shahidi kwamba gari halifai kutembea.

TUSIWAONEE MAFUNDI

Wenye magari nao wana makosa. Magari yetu mengi yamefika yakiwa yametumika miaka mingi Japani. Breki zikitengenezwa Jumatatu na jenereta ikafa Ijumaa, usiende kumshika fundi wa breki shati. Wengine sehemu moja ya kazi ikiwa na kasoro, huzuia ujira wote. Hiyo ni dhuluma. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Zuia kinacholingana na kasoro, kingine mlipe.

Kosa kubwa zaidi ni kulipeleka gari gereji ya pili, likafunguliwa lote, ndipo mtu arudi kumdai fundi wa kwanza. Ushahidi umekwishaharibiwa, na fundi wa pili ana faida katika kumsema mwenzake vibaya. Anayedai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, nawe umeuvunja kwa mkono wako.

NINI KIFANYIKE?

1. Andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-aan, Al-Baqarah aya ya 282, imekuja kwa ajili ya kuandikiana madeni. Karatasi moja yatosha: ugonjwa wa gari, kazi itakayofanywa, spea mpya au iliyotumika, nani amenunua, bei, na siku za dhamana.

2. Spea ya zamani arudishiwe mwenye gari. Fundi mwaminifu hapati hasara kwa hilo.

3. Lijaribuni gari pamoja kabla ya malipo ya mwisho, likiwa na joto na si baridi.

4. Likiharibika, simama, zima, usiwashe tena. Mwite fundi wa kwanza aone kabla halijafunguliwa, na piga picha kwa simu yako.

5. Mkikhitilafiana, tafuteni fundi wa tatu asiye na uhusiano na yeyote kati yenu, aseme mbele ya mashahidi wawili. Akitoa kauli, iandikwe na mtie sahihi.

6. Ikishindikana, nenda kwa wazee wa mtaa, kisha mahakamani. Dekreti ya 30 Julai 1888, iliyotolewa Kongo na baadaye ikaletwa Ruanda-Urundi, ambayo mahakama zetu zimekuwa zikiitumia, inamtaka aliyesababisha hasara kwa kosa lake ailipe. Si aibu kudai haki kwa njia yake. Aibu ni kuidai kwa matusi barabarani.

Neno kwa wanafunzi wetu wanaojifunza ufundi: ukiona bosi wako anafunga kitu kibovu, sema kwa adabu. Na nyinyi mabosi, kazi aliyoifanya kijana wenu bila ya kusimamiwa ni dhamana yenu kwa mteja. Msimsukume mtoto mbele ya mdai, ilhali ujira mmeuchukua nyinyi.

Tunamuomba Allah (S.W.) azibariki riziki zetu, na awape mafundi wetu ustadi na sisi wateja wao uadilifu.

Wallaahu a'lam.

Ndugu yenu, mwalimu wa madrasa, Buyenzi