Kiswahili hakikosi neno la upendo

Ipo hoja iliyozoeleka mno mimbarini na hata madarasani hapa Mombasa. Husemwa kwamba Kiyunani, lugha ya Agano Jipya, kina kitenzi agapao cha upendo wa Kimungu na phileo cha upendo wa kirafiki, ilhali Kiswahili, kwa umaskini wake, kina "penda" tu. Mwanafunzi asikiaye hayo huondoka akiamini kwamba lugha yake haiwezi kubeba mambo mazito. Hoja hiyo haina msingi, na walimu wana wajibu wa kuisahihisha.

Ushahidi unaotolewa kila mara ni sura ya 21 ya Injili ya Yohana. Yesu anamwuliza Petro mara tatu kama anampenda. Maswali mawili ya kwanza yana agapao, la tatu lina phileo, na Petro hujibu kwa phileo mara zote. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, iliyokusudiwa wasomaji wa Kimvita na wa Kiunguja pamoja, inatumia "penda" kila mahali. Je, watafsiri walizembea?

La hasha. Tumsome Yohana huyo huyo. Katika sura ya 3, aya ya 35, Baba anampenda Mwana kwa agapao. Katika sura ya 5, aya ya 20, anampenda kwa phileo. Je, upendo wa Baba ulipungua njiani? Vivyo hivyo Luka anasema Mafarisayo walipenda viti vya mbele kwa agapao, na Mathayo anawasema kwa phileo. Hata Amnoni aliyemnajisi Tamari, katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Agano la Kale, alimpenda kwa agapao. Utakatifu, basi, haumo katika kitenzi. Umo katika anayependa na namna anavyopenda.

Jambo hili sisi wenyewe twalijua. Katika Mji wa Kale nyanya humwambia mjukuu wake kwamba ampenda, bwana harusi humwambia mkewe hivyo hivyo, na mtoto husema apenda mahamri. Hakuna anayechanganyikiwa. Kitenzi hicho kimetuzalia "upendo" na "mapenzi". Na tusemapo mapenzi ya Mungu twakusudia matakwa yake, si mapenzi ya wachumba. Tukitaka kupambanua zaidi, tuna huba, mahaba na ashiki, na nyonda ya washairi wa Kimvita.

Yafaa pia tuikumbuke historia ya kisiwa hiki. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo hapa Mombasa, alisaidiwa na Mwislamu aliyewahi kuwa kadhi. Baadaye William Taylor alijifunza Kimvita kwa Mwalimu Sikujua. Wageni hao waliosomea Kiyunani walikaa chini ya wenyeji wakafundishwa, wala hawakuiona lugha hii kuwa haba.

Sisemi kwamba Kiyunani kipuuzwe. Wapo wafasiri mahiri wanaoona kwamba Yohana alikusudia tofauti katika mazungumzo yale, na hoja yao yastahili kusikilizwa. Lakini mwanafunzi asifundishwe kufumbua siri kwa neno moja lililong'olewa mahali pake. Akusanye kwanza matumizi yote ya neno hilo, ayalinganishe, ndipo aamue. Hiyo ndiyo elimu, iwe ni ya Kiyunani, Kiarabu au Kiswahili.

Petro alihuzunika kwa sababu aliulizwa mara ya tatu, naye alikuwa amemkana Bwana wake mara tatu. Uchungu huo msomaji wa Kiswahili huupata wote katika neno "penda". Tuache kuwafundisha watoto wetu kuionea haya lugha yao. Mkataa kwao ni mtumwa.