Msitu wa Kijiji na Jiko la Maskini

Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, zilizorekebishwa mwaka 2023, zinataka wenye msitu wapate mgawo wa mapato yake. Mkoani mwetu, Wahadzabe wa bonde la Yaeda wamekwisha kulipwa kwa kuitunza miti yao. Nasi wa Babati tunaikumbuka Duru-Haitemba, ambayo vijiji vilikabidhiwa kuitunza katika miaka ya 1990.

Lakini msitu ukifungwa, mama wa kijijini hufuata kuni mbali zaidi, na mama wa mjini hununua mkaa kwa bei ya juu. Mtungi wa gesi hauuzwi kwa kopo kama mkaa; wataka fedha nyingi kwa mara moja. Serikali imekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo jema halitatimia kwa amri tupu.

Kwa hiyo twasema: kabla mkataba wa kaboni haujatiwa sahihi, mkutano mkuu wa kijiji usomewe malipo, muda na masharti yake kwa Kiswahili, na sehemu ya mapato itengwe kwa majiko ya kaya maskini. Viongozi wa jumuiya, ulizeni. Ni haki yenu.